Mtu Niliyemwita Mgeni

Kambi ya Dzaleka, Jumatano mchana

Espérance mwanangu,

Umeondoka asubuhi kwenda Lilongwe kuchukua hati yako ya safari na kutafuta viatu vya kufungwa pale Old Town, nami nimefunga mashine ya kushona mapema. Suruali ya mchungaji itangoja. Nimekaa mlangoni na daftari lako la zamani la shule ya uuguzi, zile kurasa za nyuma ambazo hukuziandika. Nakuandikia kwa Kiswahili cha kitabu, kile mapadri walichonifundisha, maana haya nikiyasema kwa mdomo, kwa Kiswahili chetu cha kila siku, najijua: nitafika katikati nianze kuuliza kama chai iko.

Kesho unaenda Haiti. Sitakuambia uchemshe maji, wewe ndiye uliyenifundisha kuyachemsha. Sitakuambia habari za kuvaa, za kula, za kusali, wala za wanaume. Mama yako angekuambia hayo yote, tena vizuri kuliko mimi. Nina jambo moja, na ni la zamani kuliko wewe. Nataka ulisome leo, ukiwa bado hapa, ukiwa bado unaweza kukataa kwenda. Kwanza nilitaka kuificha barua hii chini ya nguo zako uikute huko huko. Kisha nikaona ningekuwa nakuibia na wewe.

Unamjua Met Anselme kwa yale niliyokuambia: kwamba alikuwa mwalimu wangu Uvira, kwamba alikuwa rafiki yangu, kwamba serikali ilimnyang'anya bulanjeri yake, ile nyumba ya kuoka mkate, akarudi kwao. Yote matatu ni kweli. Nilichokuficha ni mimi nilikuwa wapi.

Alikuja nilipokuwa darasa la tatu la sekondari. Walimu Wabelgiji walikuwa wameondoka, na shule zilikuwa na madawati bila mtu wa kusimama mbele. Ndipo wakaja watu wa Haiti, walimu na waganga, kwa sababu walijua Kifaransa na walikuwa weusi kama sisi. Yeye alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa kifungo mpaka shingoni hata wakati wa jua kali. Siku ya kwanza alichora kisiwa chao ubaoni. Kinafanana na mdomo wa mamba uliofunguka kuelekea magharibi. Akasema, "Babu wa babu zangu walitoka huku kwenu. Hawakuulizwa kama wanataka safari. Basi mimi nimerudi, na kwetu mwalimu anaitwa met. Muniite Met Anselme." Tulicheka. Alikuwa amejifunza Kiswahili melini, kutoka kitabu kidogo, na alikisema kama mtu anayetembea juu ya mawe ya mto.

Mshahara wa walimu ulikuwa unakawia miezi. Akajenga tanuru la matofali nyuma ya nyumba aliyopanga Mulongwe, karibu na ziwa. Mama yake alikuwa muuza mkate katika soko la Jacmel, mji wa pwani ya kusini, na kazi hiyo aliijua tangu utoto. Mimi nilipomaliza shule sikupata ofisi, naye akaniita. Mwanzo nilimwandikia vitabu vya unga na mauzo. Baadaye nikajifunza kukanda, nikajifunza kusikiliza tanuru kwa kiganja cha mkono. Tulifanya kazi pamoja miaka minne.

Kisiwa unachokwenda nilikijua pale, mikono ikiwa ndani ya unga. Alikuwa haisifu nchi yake, na haikuwa desturi yake kuilaumu. Alikuwa anaieleza. Aliniambia kwamba kule uchumi unatembea juu ya vichwa vya wanawake. Wanashuka milimani kabla ya jua, wamebeba viazi, maharage, kuku waliofungwa miguu, wanauza sokoni, na jioni wanapanda tena na sabuni na chumvi na mafuta ya taa. Mume analima, mke anauza, na kinachobaki kiko katika kitambaa cha mke. Aliniambia mashamba yanagawanywa kwa watoto, kisha kwa watoto wa watoto, mpaka mtu anarithi kipande ambacho ng'ombe akigeuka mkia unaangukia kwa jirani. Miti wanaikata kwa mkaa, mvua inakuja, udongo unaenda baharini, na bahari mbele ya Jacmel inakuwa nyekundu siku mbili. Kahawa wanalima watu wa milimani, lakini nyumba zilizojengwa kwa pesa ya kahawa, zile zenye roshani za chuma na madirisha marefu, ziko mjini, na wenyewe ni watu wachache wenye ngozi nyeupe-nyeupe wasiojua jembe linashikwaje.

Akaniambia na jambo la lugha, hilo ulichukue. Wote kule wanasema Kikreoli. Kifaransa wanakisema wachache, nao wanakitumia kama sisi tulivyokitumia Uvira: kumnyamazisha mtu aliyekuja na shida yake dirishani. Mama yake alishindwa kesi ya kiwanja kwa sababu hakimu alisoma hukumu kwa lugha ambayo yeye hakuijua, akatabasamu na kusema asante. Wewe utafika pale zahanati na Kifaransa chako kizuri, na wagonjwa watakusalimu kwa adabu, na hawatakuambia wanaumwa wapi. Jifunze maneno yao haraka. Utaitwa pia Kongo. Met alisema kwao neno hilo linatoka vinywani namna mbili, mara kwa mapenzi, kwa kuwa wanaamini wafu wao wanarudi huku kwetu, mara kwa dharau, maana yake mshamba, mtu wa porini. Utajua mwenyewe kwa sura ya msemaji.

Kila tarehe moja Januari alipika supu ya boga katika sufuria kubwa na kuigawa mtaa mzima wa Mulongwe. Zamani, alisema, watumwa waliipika hiyo supu na hawakuruhusiwa kuionja, mpaka siku walipowafukuza mabwana. Hakuna mtu wa Haiti anayekosa supu siku hiyo, hata awe amekopa boga. Sisi tulikula tukasifu, hatukuuliza sana. Tulifikiri ni mambo ya mzungu mweusi. Unaona, hata kicheko chetu kilikuwa na hilo ndani yake.

Aliondoka kwao kwa hofu. Rais wao alikuwa amejifanya rais wa maisha, na watu wake wa miwani nyeusi walikuwa wanaingia katika nyumba za walimu. Ndugu yake mkubwa walimchukua mbele ya mama yao, hawakumwona tena. Met alilisema hilo mara moja tu, akaendelea kupanga mikate.

Mama yako aliingia katika bulanjeri mwaka ule Baburundi walipovuka kwa wingi kukimbia mauaji. Alikuwa msichana wa miaka kumi na nane, amefika na kitenge kimoja. Met alikuwa anawapa wakimbizi mkate wa jana, kila asubuhi, bila kuwaandika majina. Kisha akamwambia Générose, "Weye unajua kuhesabu? Basi simama hapa mezani, uza." Mimi nilimwona akiuza. Mwaka uliofuata tukaoana, na Met ndiye aliyesimama upande wake kama baba, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine.

Sasa nafika.

Amri ilitoka mji mkuu kwamba maduka na mashamba ya wageni yapewe wananchi. Uvira walikuwa wageni wa aina nyingi, Wagiriki, Waarabu, Wahindi, na watu waliyajua maduka yao. Tuliitwa mkutano katika ukumbi, wakasoma orodha. Walipofika kwa jina la Anselme yule mkubwa wa ofisi akasimamisha kalamu. Akauliza, "Na huyu wa Haiti? Tumuandike ao tumuache?"

Mzee mmoja wa Mulongwe akasema, "Yule haiko mugeni. Babu yake ilitoka huku, anasemaka yeye mwenyewe. Na anafundisha batoto betu."

Watu wakaguna kukubali. Mkubwa akageuza karatasi. Ilikuwa imekwisha, Espérance. Angeendelea na jina lingine, na Met angekufa mzee Uvira na unga katika nyusi zake.

Mimi nikasimama.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mke mpya, chumba kimoja cha kupanga. Nilikuwa nimeona wenzangu wa darasa, wasiojua hata bei ya kiberiti, wakipewa maduka yenye vioo. Nikasema, "Huyu ni mgeni. Ana pasipoti ya kwao. Kila mwezi anapeleka pesa ya nchi kwa mama yake. Mi najua, mi njo ninaandikaka vitabu."

Hakuna aliyenilazimisha. Hapakuwa na askari nyuma yangu. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayerekebisha hesabu. Mkubwa akaandika, kisha akaniuliza jina langu, na akaliandika pembeni ya lile.

Walimpa wiki mbili. Siku ya tatu alinikuta nikifagia. Akaniambia, "Sylvestre, kuna mtu alisema maneno katika mkutano. Ulikuwako?"

Nikajibu, "Sikuwako, Met. Nilikuwa na homa."

Akanigusa paji la uso, kama baba. Akasema pole. Kisha akanipa ufunguo wa mlango wa nyuma, akaniomba nimtunzie tanuru, lisipasuke kwa kukaa baridi, mpaka wakubwa waone makosa yao. Nilimsindikiza mpaka gari la Bujumbura. Alikuwa na mkoba mmoja. Mama yako alilia barabarani bila kujificha. Mimi pia nilitoa machozi, na yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo ambalo hata leo silielewi kuhusu nafsi yangu.

Mama yako alikuja kusikia kwa mteja. Hakupiga kelele. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Akaniambia, "Mi pia niko mugeni hapa. Siku moja utasimama na juu yangu." Hakukanyaga bulanjeri tena. Alikwenda kuuza ndagala sokoni, na kwa miaka miwili tulilala kitanda kimoja, yeye akinuka samaki na mimi nikinuka mkate.

Ile bulanjeri niliyopewa haikunifaa. Sisemi ni adhabu ya Mungu. Ilikuwa ujinga wangu na hali ya nchi. Unga ulikuwa unatoka mbali, na wale waliouleta walikuwa wamefukuzwa pamoja na Met. Wakubwa walitaka mkate bila kulipa, na mimi nilijua kwa nini siwezi kuwakatalia. Nikaanza kunywa. Nikauza mabati, nikauza meza, mwisho nikauza mlango wenyewe. Mwaka uliozaliwa wewe tanuru lilikuwa limepasuka katikati na mbuzi wa jirani walikuwa wanazaa ndani yake.

Kabla ya hapo ilifika barua yake moja, kutoka Jacmel. Mama yake alikuwa amekufa akimngoja. Yeye sasa alikuwa karani kwa mnunuzi wa kahawa. Aliuliza habari za Générose, na aliuliza kama nimeweza kuliwasha tanuru angalau mara moja kwa wiki. Sikujibu. Bahasha niliiweka katika Biblia, pale ulipokuja kuikuta.

Kaka wa mama yako, aliyepotezana naye katika mauaji yale, alikuwa amerudi kwao Rumonge, nchi ya Baburundi, tukamfuata. Wewe ulikulia pale, ukamwona baba yako karani wa mafuta ya mawese, mtu mpole, asiyekunywa, anayeimba kanisani. Huyo baba hakuwa uongo. Lakini alikuwa mtu anayejificha. Uvira ilikuwa karibu, usiku usio na ukungu tungeweza kuona moto wa wavuvi wa upande ule, na kwa miaka kumi na saba sikuvuka hata kwa matanga ya ndugu zangu.

Na hapa kuna la pili, Espérance, na hili ni zito kuliko la kwanza. Sijui kama nina mkono wa kuliandika.

Rumonge ilipoanza kuwaka baada ya rais wao kuuawa, tulisimama ufukweni na mizigo. Wavuvi wengine walikuwa wanapeleka watu upande wa Zaire, wengine kusini mpaka Kigoma. Wewe uliniuliza, "Papa, kwa nini hatuendi kwenu Uvira? Bibi yuko kule, mashangazi bako kule." Nikakujibu kwamba askari wa Zaire wanawarudisha watu majini, wanawapiga risasi. Uliamini. Ukawaambia na majirani, na wao wakaamini.

Hapakuwa na askari. Nilikuwa naogopa kushuka Uvira na kukutana na yule mzee wa Mulongwe, au watoto wake. Ndiyo hayo tu. Nilikuwa naogopa kutazamwa.

Tukaenda kusini. Ile kambi ya Tanzania unaikumbuka mwenyewe, sina haja ya kukuchorea: matope, foleni ya maji, kuhara kulikopita katika mahema. Wewe ulikuwa umemaliza tu masomo yako ya uuguzi, ukamuuguza mama yako siku sita bila dripu, akafa, ukajilaumu. Nimekusikia mara nyingi ukisema, "Kama ningekuwa na dripu mbili tu." Mwanangu, haikuwa dripu. Mama yako angeweza kuwa katika nyumba ya mama yangu, Uvira, na hospitali ya misheni mwendo wa nusu saa. Nilikuona ukijilaumu miaka miwili na nusu, na nilikaa kimya, kwa sababu kujilaumu kwako kulinifaa.

Hapa Dzaleka, kambi hii tuliyohamia baadaye, mwanzo nilifikiri nimefika mahali pa kutulia. Majengo haya yalikuwa jela. Nilisema moyoni basi, panafaa. Mwaka jana ulinituma Lilongwe kununua uzi. Katika duka moja la jumla la Old Town nilikuwa nimesimama nikingoja zamu yangu, nikamwambia muuzaji "zikomo", asante, kama wanavyosema wenyeji, na matamshi yangu yakanitoa. Kijana nyuma yangu, mtu wa kawaida kabisa, amevaa vizuri, akasema, "Maburundi. Pitani kwanu." Rudini kwenu. Hakupaza sauti. Aliisema kama anarekebisha hesabu. Nilisahau uzi. Nilitembea kwa miguu mpaka mtaa wa Mchesi, kwa yule rafiki yetu anayeuza mitumba, nikakaa juu ya robota mpaka jioni, na aliponiuliza nina nini nikamwambia tumbo.

Wiki ile ndipo ulipoikuta bahasha katika Biblia. Ulifurahi sana. "Papa, uko na rafiki Haiti na haukutuambia?" Ukataka tuandike. Macho yangu ya jioni ni mabovu, basi mimi nikasema na wewe ukaandika. Unakumbuka niliyosema? Kwamba bulanjeri ilichukuliwa na mtu wa ofisi. Kwamba nilisimama mkutanoni kumtetea nikazomewa. Hata ile homa niliisahau, nikajipa ushujaa badala yake. Wewe uliandika kwa ule mwandiko wako wa duara, na ulipofika kwenye "nilisimama" ukaniangalia kwa heshima. Sijasahau uso wako.

Jibu lake unalijua kwa moyo. Kwamba amezeeka, anaishi na dada yake, na dada anafanya kazi katika zahanati ya masista milimani juu ya Jacmel, na masista wanatafuta muuguzi anayejua Kifaransa. Kwamba nguruwe wale weusi wa kienyeji, ambao ndio walikuwa akiba ya watu wa milimani, karo ya shule na mazishi, waliuawa wote kwa ajili ya ugonjwa, na watu hawakusimama sawasawa tena. Kwamba vijana wanapanda mashua, wengine wanaenda kukata miwa ng'ambo ya mpaka na kurudi bila kitu, lakini wanajeshi wameondolewa na watu wanaanza tena kusema kwa sauti barabarani. Na ule mstari ambao uliusoma mara mbili, kwa machozi: "Nilijua wewe ungesimama upande wangu. Mtume mtoto wako. Atalala katika chumba cha mama yangu."

Hapo ndipo kesho unapokwenda. Utalala katika chumba cha yule mama ambaye mimi nilimtaja mkutanoni kwa sababu ya pesa alizotumiwa na mwanawe. Umealikwa kwa uongo, na uongo huo umeandikwa na mkono wako bila wewe kujua.

Sikuombi unisamehe. Wala sikuagizi ukaniombee msamaha huko. Najua tu kwamba siwezi kukuacha ukae mezani kwa mtu yule, akusifie baba yako kila siku, na wewe uitikie. Nimeona nafasi hii ya kwenda inavyokuangaza tangu jibu lilipofika, unavyouliza watu wa Area 23 kule Lilongwe wanaouza redio kama kuna inayoshika Kifaransa cha mbali. Ni mara ya kwanza nakuona unangoja kitu tangu mama yako afe. Na mimi nakuja na hili siku ya mwisho. Ningeweza kusema miezi minne iliyopita. Nilikuwa naogopa kutazamwa, kama kawaida yangu.

Nasikia watu wa gari la mchana wanashuka barabarani. Nitakupa karatasi hizi kabla hujakaa.


Alhamisi, asubuhi

Naongeza ukurasa huu, kwa sababu sitaki yaliyotokea jana yabaki katika kumbukumbu yangu peke yake. Mimi si mtu wa kuaminiwa na kumbukumbu.

Ulisoma ukiwa umesimama, mfuko wa viatu bado mkononi. Ulipofika mahali fulani, nadhani ni pale ufukweni, ukakaa chini juu ya udongo, wewe ambaye hukai chini bila kutandika kitu. Ukasoma mpaka mwisho. Kisha ukauliza, bila kuniangalia:

"Papa, Mama alijuaka?"

"Ya bulanjeri alijua."

"Na ya Uvira? Siku ile ya mashua?"

"Alijua. Aliniambia: twende kule unataka, lakini usiseme ni basoda banapiga batu risasi."

Ukasema, "Njo maana alikuwa ananishika mukono namna ile. Mi nilifikiri anaogopa maji."

Ukainuka, ukaingia ndani, hukula. Nilisikia unapanga na kupangua nguo, nikafikiri umeamua kutokwenda. Baadaye ukatoka, ukaweka mbele yangu karatasi tupu na kalamu.

"Ile barua mi niliandika na mukono yangu," ulisema. "Hii utaandika we mwenyewe. Kwa Kifaransa. Yote. Usimuwekee sukari ndani."

"Unaenda, basi?"

"Naenda. Lakini nitafika kwa ule muzee na barua yako mukononi. Sitaingia ndani ya nyumba kama hajaisoma. Akisema niondoke, nitapanda kule kwa masista na miguu, banihitaji ama basinihitaji tutaona. Lakini sitalala mu chumba ya mama yake juu ya uongo."

Nilitaka kukushika mkono, nikaona si wakati. Nikakuuliza jambo ambalo sikupaswa kuuliza: "Na mimi, utaniandikia?"

Ulifikiri. Sikuwahi kukuona ukifikiri hivyo mbele yangu. Ukasema, "Sijue, Papa."

Nimeiandika ile barua ya Met. Ni kurasa mbili tu. Nilishangaa ilivyo fupi. Nimeandika jina la mzee wa Mulongwe aliyemtetea, ili ajue kwamba mtu mmoja Uvira alisema kweli siku ile. Bahasha sijaifunga, isome, na kama umeona mahali nimejificha, nirudishie niandike upya. Gari la masista wa Lilongwe, wenzao wa wale wa Jacmel, linafika saa mbili, bado kuna muda.

Nenda, Espérance. Ukiniandikia, nitasoma. Usiponiandikia, nitakuwa nakwenda Lilongwe kila mwezi kwa wale masista kuwauliza kama uko mzima, kisha nitarudi kushona.

Baba yako,
Sylvestre